Neno kama Ufunguo: Uhakiki wa Matumizi ya Mfuatano wa Herufi katika Majedwali ya Heshi, Pamoja na Mifano ya Lugha za Singida

Kila atungaye kamusi hupaswa kujibu swali moja kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, nalo ni hili: msomaji atalipata neno kwa kutafuta nini? Kwa lugha za Kibantu swali hili halikupata kuwa jepesi. Neno lina kiambishi mwanzoni, lina shina katikati, na mara nyingi lina viambishi vingine mwishoni; kila sehemu yaweza kudai kuwa ndiyo mlango wa kuingilia. Frederick Johnson, Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, aliacha kamusi iliyochapishwa mwaka 1939 ambamo majina mengi yatokanayo na vitenzi yamewekwa chini ya vitenzi vyao. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, iliyaweka majina kwa kufuata herufi ya kwanza ya neno zima. Wote wawili walijua kwamba walikuwa wakichagua, na wote wawili waliweza kuutetea uchaguzi wao.

Siku hizi orodha za maneno hukusanywa na kuhifadhiwa kwa kompyuta, na swali lile lile hujibiwa mahali pengine kabisa. Mtungaji wa programu achukuapo neno na kulitia katika jedwali la heshi liwe ufunguo wa maelezo yake, jibu huwa limekwisha kutolewa na maktaba ya lugha ya programu anayoitumia. Maktaba hiyo haikuandikwa kwa ajili ya kamusi, wala haikuandikwa kwa kufikiri juu ya Kinyaturu au Kinyiramba. Madhumuni ya makala haya ni kuichunguza kazi hiyo ya maktaba kama vile ambavyo kazi nyingine ya utungaji wa kamusi ingechunguzwa: kutaja lililo jema ndani yake, kuonyesha mahali inapopotosha, na kueleza ni nani wa kulaumiwa.

Yafaa kwanza jedwali lenyewe lielezwe. Wazo lake si geni. Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliliandika katika waraka wa mwaka 1953. Badala ya kupanga funguo kwa alfabeti na kuzipekua moja baada ya moja, kila ufunguo hupigiwa hesabu itoayo namba, na namba hiyo huonyesha chumba ambamo kitu kimewekwa. Atafutaye hurudia hesabu ile ile na kwenda moja kwa moja katika chumba kile. Katika maktaba ya Java hesabu ya mfuatano wa herufi ni wazi na yaweza kufanywa kwa kalamu: huchukuliwa namba ya herufi ya kwanza, huzidishwa kwa 31, huongezwa namba ya herufi ya pili, jumla huzidishwa tena kwa 31, na kuendelea hivyo hadi herufi ya mwisho.

Tuchukue neno *mtu*. Namba za herufi zake ni 109, 116 na 117, na jibu la hesabu ni 108,462. Neno *watu* hutoa 3,642,059. Neno *Mtu*, lenye herufi kubwa, hutoa 77,710, kwa sababu *M* kubwa ni 77 na *m* ndogo ni 109. Ikiwa jedwali lina vyumba 16, na chumba huchaguliwa kwa salio la mgawanyo, *watu* litakwenda katika chumba cha 11, na *mtu* katika chumba cha 14. Maktaba yenyewe huongeza hatua nyingine kabla ya kuchagua chumba, lakini kwa mfano huu hesabu hii yatosha.

Jambo la kuangaliwa ni neno *Mtu*. Nalo pia salio lake ni 14, kwa hiyo huingia chumba kimoja na *mtu*. Lakini kukaa chumba kimoja hakuleti umoja wa neno. Jedwali likisha kukifikia chumba, hulinganisha ufunguo uliotakiwa na kila ufunguo uliomo, herufi kwa herufi. Na kwa kuwa *M* na *m* zina namba mbili, jibu ni kwamba neno halimo. Kazi ya jedwali basi ina hatua mbili ambazo hazipasi kuchanganywa. Ya kwanza, hesabu, huonyesha mahali pa kutafuta tu. Ya pili, ulinganishaji, ndiyo itoayo hukumu kwamba maneno mawili ni neno moja au si moja. Lawama nyingi zitupwazo juu ya hesabu kwa haki zingetupwa juu ya ulinganishaji.

Haki yadai kwamba sifa za kazi hii zitajwe kabla ya kasoro zake. Kwanza, wepesi wake ni wa kweli: orodha ikikua kutoka maneno elfu hadi laki, muda wa kulitafuta neno moja haukui kwa kadiri ile ile. Pili, katika Java na Python mfuatano wa herufi ukisha kuundwa haubadiliki, nalo ni jambo la busara; kama ufunguo ungeweza kugeuzwa baada ya kuwekwa, kitu kingebaki katika chumba cha jina lake la zamani na kisingepatikana tena. Tatu, mgongano wa namba hauharibu maana. Mifuatano *Aa* na *BB* hutoa namba moja katika Java, yaani 2,112, lakini jedwali halizichanganyi, kwa sababu hatua ya ulinganishaji huzitenga.

Hata hatari ya mgongano uliokusudiwa imeshughulikiwa. Mwaka 2003 Scott Crosby na Dan Wallach walionyesha kwamba mtu mwovu aweza kutunga funguo nyingi zinazoingia chumba kimoja na hivyo kuilemea mashine. Mwezi wa Desemba 2011 jambo hilo lilionyeshwa tena hadharani mjini Berlin, na lugha nyingi za programu zikaonekana kuwa na udhaifu huo. Baadaye Java 8, iliyotolewa mwaka 2014, ilianza kuzipanga kwa mti funguo za chumba kilichojaa mno, na Python ikatia siri katika hesabu, hata namba ya neno moja ikawa haifanani katika kila mara programu inapoendeshwa. Hilo la mwisho lina funzo kwa wanakamusi: namba ya heshi haifai kuandikwa katika daftari kama namba ya kudumu ya neno. Katika Python yaweza kubadilika kesho, na katika Java, ijapokuwa haibadiliki, yaweza kuwa mali ya maneno mawili.

Kasoro inaanza pale ambapo maktaba yaambiwa iamue umoja wa neno, nayo haina kipimo kingine ila namba za herufi. Mfano ulio karibu zaidi ni ritifaa. Kiswahili huiandika sauti ya *ng'* kwa herufi mbili na ritifaa, na sauti hiyo imo katika maneno ya kila siku ya wafugaji na wakulima wa Singida kama ilivyo kwingineko: *ng'ombe*, *ng'oa*, *ng'ara*. Katika orodha ya herufi za Unicode, mahali pa ritifaa hiyo pameweza kukaliwa na alama nne tofauti. Iko alama iliyonyooka ya mashine ya kupiga chapa, namba 39. Iko alama iliyopinda kama tisa, namba 8217, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe bila mwandishi kuomba. Iko alama iliyopinda kama sita, namba 8216, ambayo hutokea kwa makosa. Na iko ritifaa iliyohesabiwa kuwa herufi, namba 700. Kwa jicho la msomaji nne hizo ni moja. Kwa jedwali la heshi, *ng'ombe* ni maneno manne, na maelezo yaliyowekwa chini ya moja hayaonekani kwa mwenye kutafuta jingine.

Madhara yake hayaishii katika kamusi. Katika Wilaya ya Ikungi iko kata ya Mang'onyi. Jina hilo likiandikwa katika daftari moja kwa alama iliyonyooka, katika jingine kwa alama iliyopinda, na katika la tatu bila alama yoyote, kisha madaftari yakaunganishwa kwa jina kama ufunguo, kata moja itakuwa tatu. Atakayehesabu wasimulizi waliohojiwa Mang'onyi atapata theluthi ya idadi na hataonywa. Jedwali halitoi kelele linapokosea namna hii. Husema tu kwamba ufunguo haumo, na kutokuwamo ni jibu halali.

Hali huwa mbaya zaidi pale maneno yanapokatwa kutoka katika matini kabla ya kuwekwa katika jedwali. Kanuni nyepesi za kukata maneno huihesabu alama ya 39 na ile ya 8217 kuwa vituo vya uandishi wala si sehemu ya neno. Hivyo *ng'oa* hukatwa kuwa *ng* na *oa*. Kipande cha kwanza si neno, na mkaguzi atakiona. Lakini cha pili ni kitenzi kamili cha Kiswahili, na hesabu ya matumizi ya *oa* itaongezeka kwa kila mhogo uliong'olewa. Mwingine akidhani kwamba tiba ni kuiondoa ritifaa kabisa, *ng'oa* litageuka *ngoa*, nalo ni neno jingine lenye maana ya tamaa au wivu. Namba 700 haileti matatizo hayo ya kukata, kwa kuwa ni herufi. Walakini ni wachache waiandikao, na kamusi iliyoichagua peke yake haitafunguka kwa mtu aliyepiga alama ya kawaida.

Ikiwa Kiswahili, chenye tahajia iliyosanifishwa na kusomeshwa kwa miaka mingi, chapata taabu hii, yafaa kuangaliwa lugha ambazo uandishi wake haujatulia. Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita pia Kirimi, huzungumzwa katika Singida Mjini, Singida Vijijini na Ikungi. Kinyiramba huzungumzwa Iramba na Mkalama. Wachunguzi wa Kinyaturu wameeleza kwamba kina irabu saba, na kwamba toni ina kazi ndani yake. Howard Olson aliiandikia tasnifu fonolojia na mofolojia ya lugha hiyo mwaka 1964. Irabu saba haziwezi kutoshea katika herufi tano za Kiswahili. Mwandishi mmoja huziacha zichanganyike, akitegemea msomaji ajuaye lugha. Mwingine hutumia *ɨ* na *ʉ*, kama ilivyo katika tahajia za lugha kadhaa za Kibantu za Tanzania. Mtaalamu wa fonetiki huandika alama nyingine tena.

Hapa jedwali la heshi hukuta mtego wa aina mpya. Herufi *ɨ* ina namba yake, 616. Lakini mtu asiyekuwa nayo katika kibao chake aweza kuitunga kwa *i* ya kawaida na mstari mfupi wa kupita juu yake, wenye namba 821. Katika karatasi iliyochapwa ni vigumu kuzitofautisha. Katika jedwali moja ni herufi moja na nyingine ni mbili. Kadhalika alama ya toni ya juu: *á* yaweza kuwa herufi moja, namba 225, au *a* ikifuatwa na alama peke yake, yaani 97 na 769.

Kwa mfano wa *á*, Unicode yenyewe imetoa dawa. Iko kanuni ya usawazishaji inayotamka kwamba maumbo hayo mawili ni sawa, na maktaba za Java na Python zina zana ya kuitekeleza. Lakini hazimlazimishi mtu kuitumia, na jedwali halitumii kanuni hiyo lenyewe. Lugha ya Swift, iliyotangazwa na kampuni ya Apple mwaka 2014, ilichagua njia nyingine: huihesabu mifuatano miwili kuwa sawa ikiwa kanuni ya Unicode yasema ni sawa, na hutoa heshi moja kwa yote mawili. Uamuzi huo wastahili sifa, kwa kuwa umemwondolea mtungaji wa programu kosa ambalo asingaliliona. Hata hivyo, Swift haiwezi kuzidi pale kanuni inapoishia. Unicode haikusema kwamba *ɨ* ya namba 616 ni sawa na *i* yenye mstari wa 821, wala haikusema kwamba ritifaa nne ni moja. Mkusanyaji wa maneno ya Kinyaturu aliyeitegemea Swift angepona ugonjwa mmoja na kubaki na mwingine.

Kwa sababu hiyo wengi hukimbilia dawa kali. Hugeuza herufi zote kuwa ndogo, huondoa alama zote za toni, hubadili *ɨ* kuwa *i* na *ʉ* kuwa *u*, hufuta ritifaa, na ndipo hutia kilichobaki katika jedwali kama ufunguo. Baada ya hapo kila atafutaye hupata jibu, na kazi huonekana kuwa imefanikiwa. Kwa hakika ndipo hasara kubwa inapotendeka. Jedwali la heshi huruhusu kitu kimoja tu chini ya ufunguo mmoja. Maneno mawili yaliyotofautiana kwa irabu au kwa toni yakipewa ufunguo mmoja, la pili huwekwa juu ya la kwanza, na la kwanza hufutika bila taarifa. Ukali wa kupita kiasi humficha neno. Ulegevu wa kupita kiasi humwua. Na la kusikitisha ni kwamba hasara huangukia sehemu zile zile ambazo mchunguzi alizifuata Singida: tofauti ambazo Kiswahili hakina, na ambazo kwa hiyo zilistahili kuhifadhiwa kuliko zote.

Yupo atakayesema kwamba usanifishaji wa tahajia ungemaliza jambo lote. Ungesaidia sana, lakini usingelimaliza, kwa kuwa maandishi ya zamani hayatarudi kuandikwa upya. Mfano ni jina lenyewe la Kinyiramba. Johnson, kabla ya kazi yake kubwa ya Kiswahili kuchapishwa, alikuwa amekwisha kuandika juu ya lugha hii katika jarida la *Bantu Studies*, na ngano alizozitoa humo mwaka 1931 zilipewa jina la Kiniramba. Otto Dempwolff, aliyeichapisha kazi yake kwa Kijerumani mwaka 1915, aliandika Ilamba. Wengine huandika Kinilamba na Nilamba, na wilaya huitwa Iramba. Jirani yake ameitwa Kinyaturu, Turu, Kirimi, Remi na Limi. Mtu akitengeneza jedwali la maandishi yote juu ya lugha za Singida, na kulifanya jina la lugha kuwa ufunguo, atazitawanya kazi za Dempwolff na Johnson katika vyumba visivyojuana, ijapokuwa zahusu lugha moja. Hakuna usawazishaji wa herufi utakaomwambia kwamba Kirimi na Kinyaturu ni jina la kitu kimoja. Hilo halimo katika herufi. Limo katika elimu ya watu.

Wataalamu wa lugha walilitambua jambo hili mapema, nao wakatumia alama badala ya majina. Guthrie aliziita lugha hizi F.31 na F.32. Orodha ya kimataifa ya ISO 639-3, iliyotolewa mwaka 2007, hutumia *nim* kwa Kinyiramba na *rim* kwa Kinyaturu. Kwa jedwali la heshi alama hizo ni funguo njema mno: ni fupi, zimo katika herufi ndogo za kawaida, hazina toni wala ritifaa, na hazibadiliki tahajia inapobadilika. Lakini isidhaniwe kwamba zimeondoa hukumu. Zimeihamisha tu, na kuiweka mahali inapoonekana. Kiisanzu, kinachozungumzwa Mkalama, kina alama yake mwenyewe katika orodha ya ISO, *isn*, hali baadhi ya wachunguzi hukihesabu pamoja na Kinyiramba. Aliyekipa alama ya peke yake alitoa uamuzi, na uamuzi huo waweza kupingwa kwa hoja, kwa kuwa umeandikwa. Uamuzi uliofanywa na ulinganishaji wa namba za herufi haupingiki kwa hoja, kwa sababu hakuna aliyeufanya.

Liko jambo jingine ambalo jedwali huliondoa, nalo ni ujirani wa maneno. Msomaji wa kamusi ya Johnson afunguapo *pika* huona jamaa ya kitenzi hicho mahali pamoja. Msomaji wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu huona majirani wa alfabeti, na mara nyingi hujifunza neno ambalo hakulitafuta. Katika jedwali la heshi *mtu* na *watu* zimekaa vyumba tofauti kwa sababu ya hesabu tu, na jirani wa kila moja hana udugu nalo. Python tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018 imeahidi kuzitoa funguo kwa utaratibu zilivyoingizwa. Huo ni utaratibu wa mkusanyaji, ambao una faida yake, lakini si utaratibu wa lugha. Hili si kosa la jedwali, maana halikuahidi ujirani. Ni kosa la yule aliyedhani kwamba akisha kuyatia maneno yake humo amekwisha kutunga kamusi. Uhusiano wa *mtu* na *watu*, wa *pika* na *mpishi*, wapaswa kuandikwa waziwazi kama maelezo, kwa kuwa hautajitokeza wenyewe.

Katika hayo yote chanzo cha kosa ni kimoja. Kitu kimoja, yaani mfuatano wa herufi, kimetwikwa kazi tatu: kulishuhudia neno kama lilivyoandikwa na mkusanyaji, kulitafuta, na kulitambulisha. Kazi hizo zina masharti yanayopingana. Ushahidi wadai kwamba herufi isiguswe. Utafutaji wadai kwamba tofauti ndogo zisamehewe. Utambulisho wadai kwamba jina lisibadilike hata tahajia ikibadilika. Kwa hiyo hakuna umbo moja la herufi litakaloziridhisha zote tatu, na kila atakayelazimisha umbo moja atalipa kwa kupoteza moja ya kazi hizo.

Njia iliyo sawa ni kuzitenganisha. Neno lihifadhiwe kama lilivyoandikwa, pamoja na ritifaa na toni zake, na pasiwe na programu yoyote yenye ruhusa ya kulibadili. Kila kidahizo kipewe namba isiyotokana na herufi zake, kama ambavyo kila kitabu katika maktaba kina namba ambayo haibadiliki hata jalada likibadilishwa. Kisha ufunguo wa kutafutia utengenezwe kutoka katika neno kwa kanuni iliyotangazwa: ritifaa zote ziwe moja, maumbo ya Unicode yasawazishwe, herufi kubwa ziwe ndogo, na *ɨ* isogezwe kwenye *i* kwa ajili ya mtu asiye na herufi hiyo. Ulegevu huo haudhuru tena, ikiwa sharti moja litashikwa: kilichowekwa chini ya ufunguo huo kisiwe neno moja, bali orodha ya namba za vidahizo vyote vinavyoufikia. Hapo mtafutaji wa Kinyaturu akiandika kwa herufi tano ataonyeshwa maneno mawili au matatu, na atachagua mwenyewe. Jedwali la heshi litabaki na wepesi wake wote, na hukumu itarudi kwa mtu ajuaye lugha.

Pingamizi laweza kuletwa kwamba utaratibu huu ni mzito kwa orodha ndogo ya maneno mia tano iliyokusanywa na mwanafunzi katika likizo moja. Ni kweli kwamba wahitaji kazi zaidi. Lakini orodha ndogo ndizo zinazounganishwa kufanya kubwa, na mara nyingi ndizo peke yake zilizopo kwa lugha isiyo na kamusi. Kosa la ritifaa katika kamusi kubwa ya Kiswahili litasahihishwa na wasomaji wengi walioko. Kosa la irabu katika orodha pekee ya kijiji fulani laweza kukaa miaka mingi bila mtu wa kulisahihisha, hasa ikiwa msimulizi mzee aliyelitamka neno amekwisha kufariki. Gharama ya safu mbili za ziada katika jedwali ni ndogo ikilinganishwa na safari nyingine ya kwenda Kiomboi au Ikungi kuuliza upya.

Kwa muhtasari, maktaba za programu hazina hatia katika jambo hili. Ziliahidi kulinganisha namba za herufi, nazo hulinganisha namba za herufi kwa haraka na kwa uaminifu. Swift imekwenda hatua moja mbele, na Java na Python zimetoa zana kwa atakaye kuifuata hatua hiyo. Lawama ni ya wale watungao orodha za maneno wakiiacha kanuni ya umoja wa neno ikae ndani ya programu ambayo hakuna msomaji aionaye. Johnson aliona ni wajibu wake kumwambia msomaji maneno yamepangwa vipi. Orodha ya maneno ya Singida iliyohifadhiwa kwa kompyuta yastahili utangulizi kama huo: ritifaa ipi imetumika, irabu zimeandikwaje, toni imehifadhiwa au imeachwa, na ufunguo wa kutafutia umetokana na kanuni gani. Mhariri apokeaye orodha ya namna hiyo na aidai kurasa hizo mbili kabla ya kuidai orodha yenyewe.